Sanduku la kutagia kinyonga kutoka kwa fundi wa Kibuye, rivyu yangu baada ya kulitumia

Wacha niseme mapema ndio mwenye haraka asipoteze bando: sanduku ni zuri, bei ni ya haki, lakini liko na makosa mawili ambayo ukiyajua kabla ya kutuma dipoziti utamwambia fundi ayatoe hapo hapo na hutaongeza pesa nyingi. Naandika hii kwa sababu watu wa hapa Kisumu na wengine wa Kakamega wamekuwa wakiniuliza venye nilifanya Madam, kinyonga wangu jike, alipojaa mayai, na pia kwa sababu karibu kila kitu unachosoma kuhusu kufuga vinyonga kimeandikwa na watu wa Marekani, wao wakikuambia nunua hiki na kile duka liko hapo mtaani kwao, sisi tuko na agrovet, hadiwea na mafundi wa soko la Kibuye, basi.

Madam ni kinyonga wa Yemen, wale wenye kofia ndefu kichwani, kwao ni Yemen na Saudi Arabia, na makaratasi yake yako, kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, kiko. Tafadhali usiokote kinyonga kwa ua la jirani ukamweka kwa ndoo ukasema unafuga, hawa ni wanyamapori na sheria ya 2013 haina mchezo na hiyo maneno.

Sasa, Madam hajawahi kuonana na dume. Watu wakisikia hivyo wanauliza basi mimba ilitoka wapi, lakini jike wa aina hii akishakomaa anatengeneza mayai dume awepo asiwepo, vile kuku wa leya anataga bila jogoo. Hayo mayai hayana mtoto ndani lakini lazima yatoke, na yasipotoka yanamuua. Ndio maana kama uko na jike, hata mmoja tu peke yake, suala la sanduku si la "tutaona mbele". Wengine wanaanza mapema sana, miezi mitano sita tu ya umri, na wewe bado unamwona mtoto.

Na kabla hujatembea mpaka Kibuye jua kwanza wako ni wa aina gani, maana si kila kinyonga anataga. Yule wa pembe tatu anayeitwa Jackson, yule mdogo wa Elliot ambaye yuko sana huku magharibi, na yule wa Höhnel wa nyanda za juu, hao wanazaa watoto wazima wazima. Udongo wa milimani una baridi, mayai yakiachwa humo yatakawia au yafe, kwa hivyo mama anabeba watoto tumboni na kila akiota jua anawapasha joto nao. Ukimwekea huyo sanduku la mchanga atalipita tu na utakuwa umelipia fanicha.

Haya, sanduku lenyewe.

Nilimwambia fundi nataka urefu sentimita 45, upana 30, kimo 40, ili mchanga ukae kina cha 30 na ibaki nafasi kidogo juu. Yeye alikuwa anataka kulifanya fupi, akisema mbao itabaki bure, ikabidi nimweleze kwamba huyu mnyama anachimba shimo la kuingia mzima, mwili na mkia, na akigonga chini mapema anaacha anaanza upya, anaacha tena, mwisho anachoka na mayai bado yako ndani. Hapo mzee akanyamaza, akachukua penseli kwa sikio akaandika 40 kwa ubao, halafu akaniuliza, "Nyathina (mwanangu), hiyo kitu inauma?" Haiumi mzee. Inafungua mdomo tu ikikasirika. Hakuamini, na siku ya kuchukua sanduku alinipea akiwa amesimama mbali ilhali nilikuja na mkono mtupu, Madam yuko nyumbani.

Kazi yake ni safi. Pembe zimekaa sawa, ametumia skrubu badala ya misumari, na upande mmoja ameweka kipande cha kioo na juu yake plaiwudi ya kuteleza ambayo unaivuta ukitaka kuchungulia. Hiyo ya kioo ni akili yake mwenyewe, mimi sikuomba, na mwanzoni nilifikiri ni urembo wa kuongezea bei. Lakini imenisaidia sana kwa sababu vinyonga wengi wanapenda kuchimba wakifuata ukuta, kwa hivyo ukivuta ile plaiwudi usiku na tochi yenye mwanga hafifu unaweza kuona shimo limefika wapi bila kuweka mkono ndani. Sharti moja: plaiwudi ikae imefungwa wakati wote mwingine, mwanga ukiingia chini ya mchanga anajua hayuko mafichoni.

Makosa sasa. La kwanza, nilikataa vanishi ndani sababu ya ile harufu kukaa wiki na wiki, tukakubaliana atandike polithini nyeusi ya ujenzi. Akatandika vizuri, lakini staple amepiga kwa ndani, pale juu ukingoni, na zingine hazijazama. Kinyonga anaposhuka anashika ukingo na ile miguu yake ya vidole vilivyogawanyika mbili, ukucha ukinaswa kwa staple unang'oka. Nilizitoa zote na koleo nikakunja polithini kwa nje. Mwambie apige staple nje kutoka mwanzo, ni kazi ya dakika chache. La pili, sakafu ya sanduku ni plaiwudi ya kawaida, ile ya dari. Imefura kwa kona mbili baada ya unyevu kukaa. Haijavunjika, lakini sidhani itamaliza misimu mingi. Lipa zaidi kidogo upate marini plai, ile inayostahimili maji, kwa chini tu, huko kwingine ya kawaida inatosha.

Kuna pia mfuniko wa waya ya kofitrei aliongeza bila kuulizwa. Hauna kazi. Sanduku linakaa wazi juu ndani ya kizimba na tawi linaingia mpaka kwa mchanga ndio ashuke na apande akitaka. Mwambie atoe mfuniko na bei yake.

Na jambo ambalo halikosi kuwashangaza watu: uzito. Fanya hesabu, 45 kwa 30 kwa kina cha 30 ni lita 40 za mchanga, na mchanga ukishaloa hiyo ni kilo sitini na kitu, hata sabini. Vile vishikio vya kamba alivyofunga pembeni ni vya kubebea sanduku likiwa tupu. Liweke mahali litakapokaa KABLA ya kujaza, kwa simiti, si kwa meza, na kama kizimba chako kiko na sakafu ya wavu itoe sanduku likae chini kabisa. Mimi naishi fleti ya juu huku Mamboleo na nashukuru kijana wa boda aliyepandisha mchanga kwa ngazi bila kelele, Mungu ambariki.

Mchanga wenyewe usinunue kwa pakiti. Kuna duka moja la mapambo mjini lilitaka kuniuzia mchanga mweupe wa vyombo vya samaki kwa bei ya kuchekesha, na huo haushiki, ukichimba unaporomoka juu ya mnyama. Chukua mchanga wa ujenzi, ule laini wa kupiga plasta, uoshe mpaka maji yatoke safi, toa kokoto, changanya na udongo kidogo usio na mbolea wala dawa. Loesha. Halafu kamata konzi moja ubane: ikishikana na maji yasidondoke kati ya vidole, uko sawa. Sukuma kidole au kijiti mpaka chini uvute polepole, shimo likibaki wazi hapo unaweza kupumzika. Likiporomoka ongeza maji, kukiwa matope ongeza mchanga mkavu. Mimi huacha kishimo kidogo nimekianzisha kwa kona moja chini ya majani ili apate wazo, wakati mwingine anakifuata, mara nyingine anakipuuza kabisa.

Kisumu joto linakausha juu haraka sana, safu ya juu inakuwa vumbi ukidhani na chini ni hivyo. Chunguza kwa kijiti, usimwage maji kwa hasira.

Sasa nije kwa agrovet, kwa sababu sanduku bila mwili wenye nguvu ni kazi bure. Niliingia agrovet moja hapa mjini nikaomba kalsiamu ya kinyonga, na yule kijana, mpole kweli, akanipea DCP, ule unga wa kalsiamu na fosforasi wa mifugo. Sikuichukua. DCP ni nzuri kwa ng'ombe na kuku lakini iko na fosforasi nyingi, na wadudu anaokula kinyonga tayari wamejaa fosforasi, shida yake ni kalsiamu. Unachotaka ni kalsiamu kaboneti tupu, ile laimu ya chakula cha kuku wanaotaga, iliyosagwa laini kabisa, na uhakikishe ni ya chakula na si chokaa ya kupaka ukuta, maana ile inachoma. Unapaka wadudu vumbi jepesi kila mlo wakati yuko na mayai, vitamini yenye D3 mara moja moja tu kwa mwezi kwa sababu ikizidi inadhuru. Misuli ya kusukuma yai inahitaji kalsiamu, na ganda pia linaivuta kutoka kwa mifupa ya mama, ndio unaona jike amejaa tumbo lakini miguu inatetemeka akishika tawi.

Kwa agrovet hiyo hiyo pia usiongeleshwe ununue balbu nyekundu ya vifaranga. Ni moto tu, haina UVB hata kidogo, ile miale ya jua inayomtengenezea D3, na hapa Kisumu mchana unagonga digrii 30 bila kuombwa. Jike wa Yemen mahali pa kuota panamtosha digrii 28 au 29, joto likizidi anakula sana, akikula sana anatengeneza mayai mengi zaidi. Wafugaji wazoefu huko nje hupunguza joto na chakula kwa jike mzima ili kundi la mayai liwe dogo, badala ya sitini sabini abaki na ishirini thelathini. Lakini hiyo unaifanya mapema, akishajaa si wakati wa kumnyima.

UVB mimi natumia jua. Tuko karibu kabisa na ikweta, kizimba cha wavu kinatoka baranda asubuhi, nusu yake nimefunika na leso apate kivuli akitaka, na simwachi peke yake sababu ya kunguru na paka. Jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki, kioo kinazuia ile miale.

Chakula nimepata cha bei poa sana na hii ndio sehemu ambayo hatuna cha kuwaonea wivu watu wa Marekani. Wafugaji wa kuku siku hizi wanazalisha funza wa BSF, wale wa nzi weusi, na hao wako na kalsiamu ya kutosha mwilini bila kupakwa chochote. Kriketi nazo, pale Bondo chuo cha JOOUST kimefanya utafiti mwingi wa kuzifuga kwa chakula cha watu na mifugo, na huku Nyanza ukiuliza uliza hukosi mfugaji. Kabla ya kumpa Madam nazilisha sukuma wiki na karoti usiku mzima, kilichoko kwa tumbo la kriketi ndicho kinachofika kwa kinyonga. Spinachi naacha, inashika kalsiamu. Kumbikumbi za mvua nampa mbili tatu akifurahi, ila zisiwe zimeokotwa kwa kiwanja kilichopigwa dawa.

Maji ndio wengi wanaanguka. Kinyonga haoni maji ya kwa bakuli, anaona tone. Chupa mpya ya kunyunyizia nywele maji, nyunyiza asubuhi na jioni kwa majani, na jerikeni ndogo iliyotobolewa tundu la sindano ikae juu ya kizimba ikidondosha polepole. Tazama kinyesi, ile sehemu ngumu nyeupe ikiwa nyeupe kweli yuko sawa, ikiwa ya chungwa hana maji ya kutosha, na jike aliyekauka anapata shida kuyatoa mayai.

Utajuaje siku imekaribia? Rangi kwanza. Madam aliiva kijani cha giza karibu nyeusi na madoa ya njano na buluu ambayo siku za kawaida hana. Tumbo likajaa chini, na ukimwangalia kwa pembeni akiwa amepinda unaona vinundu vya mviringo vikisukuma ngozi ya ubavu. Usimbonyeze kuhesabu! Halafu chakula kikapungua, maji akaendelea kunywa vizuri, na yeye ambaye hashukagi chini hata kwa dawa akaanza kuzunguka sakafu ya kizimba akikwaruza kona. Hapo ndio unafunika kizimba na leso pande tatu, unaambia watoto wa nyumba waende wacheze kwingine, na unajizuia.

Hiyo ya kujizuia ni ngumu kuliko zote. Akikuona unamtazama akichimba anaacha shimo, na akiacha mara kadhaa anaweza kuyashikilia mayai. Yeye huchimba na mikono ya mbele, anatupa mchanga nyuma, anazama mpaka unabaki unaona ncha ya mkia tu. Anaweza kujaribu shimo moja akaacha akachimba lingine, anaweza kulala humo humo usiku. Ni kawaida. Nilivuta ile plaiwudi ya fundi kidogo tu nikaona mgongo wake umeegemea kioo, vumbi mpaka kwa kope, nikaifunga nikaenda kulala. Alipomaliza alifukia mwenyewe, akapigapiga juu na miguu ya nyuma, akarudi kupanda tawi akiwa mwembamba, ngozi imelegea pembeni. Usimtoe akiwa bado anafukia hata kama unaona amemaliza, hiyo ni sehemu ya kazi yake. Halafu ni maji, maji mengi, kunyunyiza kwa muda mrefu mpaka aoshe macho, na wadudu wenye kalsiamu siku kadhaa zinazofuata.

Mayai yalikuwa thelathini na kitu, meupe, na kwa vile hakuna dume nikayatoa nikatupa. Kama wako alikutana na dume hiyo ni hadithi nyingine, yanataka chombo chenye unyevu kidogo na joto la kadiri ya digrii 25 hivi na subira, maana ni miezi sita mpaka tisa na hayatakiwi kugeuzwa geuzwa.

Kuhusu daktari nitasema kwa ufupi. Tafuta mapema, ukiwa bado hauna shida, umuulize waziwazi kama amewahi kushika reptilia, kwa sababu wengi hapa kazi yao ni ng'ombe na mbwa na wengine watakuambia ukweli huo bila kuona aibu, ambayo ni sawa. Dalili za kumkimbiza kwa daktari: macho yamezama ndani, anayafunga mchana, amelala chini ya kizimba bila kuchimba, au amechimba siku mbili tatu anaishiwa nguvu na hakuna yai. Hapo ni picha ya eksrei, kalsiamu ya sindano, wakati mwingine oksitosini, dawa ya kusukuma mayai, au upasuaji, na hakuna hata moja ya hizo ambayo ni ya kujaribu nyumbani na sindano ya agrovet. Jirani atakuambia umpe mafuta. Hapana.

Kwa hivyo sanduku nalipatia nne kwa tano, ingekuwa nne na nusu bila zile staple. Mimi nililipa elfu tatu na mia tano pamoja na kioo, nusu mbele nusu siku ya kuchukua, kwa M-Pesa. Alisema nije baada ya siku mbili na ilikuwa kweli siku mbili, fundi wa mbao anayeshika ahadi mnajua wenyewe thamani yake. Risiti hatoi. Jina na namba sitaweka hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa, lakini ukiingia Kibuye kwa upande wa mafundi wa fanicha uliza yule mzee aliyetengeneza kitanda cha kinyonga, utaonyeshwa huku wakicheka. Usiende Jumapili, soko linajaa hata pa kukanyaga hakuna. Na usimpigie mchana kama utapata namba yake, msumeno ukiwa unalia haskii chochote, atakujibu "sawa sawa" kwa kila kitu na utajipata na sanduku la sentimita 20.